Pete za Robineti

Kabla hajakusalimia alikuwa amekwisha kukuangalia vidole. Uso wako angeweza kuusahau kesho yake, na jina lako hakulitaka, lakini ukipita mbele ya meza yake baada ya miaka atakuita vilevile: wewe wa kidole cha kupinda, wewe wa kucha nyeusi, uko wapi siku hizi? Mimi aliniita Kidole Kinene tangu siku ya kwanza tulipopewa meza jirani, na sikumkasirikia maana ni kweli tupu, vidole vyangu nimevirithi kwa mama. Sisi tulimwita Muzee wa Pete. Kama alikuwa na jina jingine, lilijulikana kwa watoto wake na kwa padri. Sikuwahi kuliuliza.

Mimi ninauza shanga. Kila mwaka mvua zikikatika kunakuwa na festivali ya sanaa kwenye uwanja ulio chini, karibu na ziwa, na Bukavu nzima inashuka huko. Wanakuja wachoraji, wachongaji, wasusi wa vikapu, wanamuziki na spika zao zinazokutikisa mpaka tumboni, wauza mishikaki, vijana wasionunua hata uzi ila wanataka kupigwa foto, na wageni wa mashirika wenye kofia na chupa za maji. Watu wanabanana mpaka ukiinama kuokota ushanga ulioanguka, unainuka na magoti ya watu usoni. Meza yangu na ya Muzee zilikuwa chini ya ukuta, pembeni ya njia ya kuingilia. Asubuhi kivuli kilikuwa chake, mchana kilitakiwa kiwe changu, lakini jua likigeuka naye aligeuza meza yake, kidogo kidogo, kama mtu anayesukuma kiti wakati wa misa, mpaka najikuta niko juani na yeye yuko kwenye kivuli changu anakohoa. Nikilalamika ananipa sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga kwenye karatasi. Nilikuwa ninazila na kuendelea kulalamika.

Wengine wote tulikwenda pale kuuza. Yeye alikwenda kutafuta maharusi. Vile vitu vidogo alivyotandika juu ya kitambaa, hereni, bangili, misalaba, aliwaachia wapita njia wachague wenyewe, na wageni akawauzia bila hata kuinua kichwa. Lakini akiona kijana na binti wamesimama wanaangalia pete kwa wizi wizi, kila mmoja akijifanya hajaona anachoangalia mwenzake, hapo Muzee alikuwa anafufuka. Anafuta mikono kwenye suruali na kusema maneno yake mawili: "Leta kidole." Hakuwahi kumwambia hivyo mtu asiyekuja kuoa. Mzungu akinyoosha mkono apimwe, alimwonyesha zilizo tayari, achague inayoingia.

Ndicho kitu kimoja alichokitaka duniani, nami nakisema mapema ili ieleweke uchungu wangu unatoka wapi: kwamba watu wa Bukavu wasimame mbele ya altare na pete zake. Dhahabu ya Shabunda inapita hapa kwetu, ndani ya mifuko ya watu tunaowaona wakila hotelini, inapanda ndege, inavuka mpaka, na sisi watoto wa hapa tunaoana kwa shaba ya manjano. Wengine waliona aibu. Yeye hakuona. Alisema dhahabu iko mupita njia, shaba njo inabakiaka na sisi. Na kweli, ukienda misa ya saa moja pale parokiani kwetu Kadutu na kuangalia mikono ya kina mama wakati wa kupeana amani, ungeweza kumwona yeye kila mahali.

Shaba yenyewe hakuinunua. Uliileta. Hii ndiyo ilikuwa desturi yake, na kama hukuileta alikurudisha nyumbani ukaitafute. Watu walileta kufuli zilizopoteza ufunguo, vishikio vya milango, taa za zamani za mafuta, kengele za mbuzi, vichwa vya vitanda vya bibi zao. Halafu siku ya kuyeyusha, bwana harusi mwenyewe ndiye anayevuta mivukuto. Si ndugu yake, si rafiki. Kuna mmoja, mtoto wa mtu mkubwa hapa Ibanda, alimtuma dereva. Muzee alimpa dereva soda, akamwambia arudi na salamu, kwamba kama bwana anamtuma dereva kwenye moto, basi amtume na kitandani. Maneno ya namna hiyo yalimtoka mbele ya maman yeyote na mbele ya katekista. Mdomo wake haukuwa wa kanisa.

Na vidole hakuvipima asubuhi. Baridi ya asubuhi ya hapa inavikausha vidole, alisema, ukipima saa hiyo pete itakubana ukianza kufua. Alingoja jua likae juu, akazungusha uzi wa raffia, akafunga fundo, akauvaa shingoni. Wakati wa festivali alirudi Kadutu na shingo imejaa nyuzi za watu, na hapo alikuwa na furaha mpaka anaimba, tena vibaya.

Ya mwisho kuhusu kazi yake, maana bila hii sitaeleweka. Baada ya kumwaga pete mbili, inabaki shaba kidogo ndani ya chungu. Ile hakuitupa. Aliiweka kwenye mkebe wa maziwa, na alipoyeyusha ya wengine aliongeza kipande kutoka mkebe ule. Kwa hiyo ndani ya pete yako kulikuwa na kufuli ya jirani, na ndani ya pete ya jirani kulikuwa na sufuria ya shangazi yako. Tulicheka kwamba Kadutu nzima imeoana. Lakini ukimwuliza, "Papa, ndani ya hii umetia ya nani?" alikuwa na jibu moja tu: "Ngoja ipoe." Ikisha kupoa ukiuliza tena, alikuambia tena ngoja ipoe. Kitu cha nyumba ya mtu, kwake, kilikuwa kama maungamo. Hakusema kilikotoka hata ungempa nini.

Mimi pete yangu ni robineti. Nyumba ya mama yangu iliungua, moto ule ulioteketeza kona yetu yote kule Kadutu, na tulipokwenda kupekua majivu tulikuta robineti ya uani, ile ya kufungulia maji, peke yake, imesimama kwenye bomba lake kana kwamba inangoja ndoo. Mama aliing'oa mwenyewe. Aliniambia, mwanangu, sina kingine cha kukupa, peleka hii. Mume wangu alivuta mivukuto mpaka machozi yakamtoka kwa moshi, na Muzee akamwambia alie vizuri, ni mazoezi.

Yeye mwenyewe kidole chake kilikuwa kitupu. Mama wa watoto wake aliishi naye umri wote bila ndoa ya kanisa, na kila Pasaka padri alimkumbusha, na kila Pasaka alijibu kwamba ya kwake bado inapoa. Watu walicheka. Yule mama hakucheka. Nilimwona mara moja amekaa mlangoni akiangalia bwana harusi wa watu anavuta mivukuto, na uso wake sikuupenda. Nilimwambia Muzee siku ile kwamba wewe fundi wa pete una roho gani? Akanigeuzia mgongo. Kwa hiyo nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mtu wa kuudhi, na mwenye kiburi, na hicho kiburi ndicho kilichommaliza.

Mwaka ule kulikuwa na mgeni mmoja, mama wa makamo, mpole, na kijana wa komite ya festivali akimfasiria. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya, na mpaka leo akiniona ananisalimia vizuri. Mgeni aliinua pete, akauliza hii shaba inatoka wapi. Muzee akasema ngoja ipoe, akaendelea kusugua bangili yake. Kijana alimwangalia Muzee, akamwangalia mgeni anayengoja, na kwa kuwa ni aibu kumwacha mgeni bila jibu, akampa jibu. Lilikuwa refu, kwa kiingereza. Sikuelewa ila niliona yule mama ameweka mkono kifuani na macho yamemjaa maji. Alinunua pete zote zilizokuwa mezani, na sina hakika kama hata moja ilimwenea.

Mchana tukayasikia kwenye mikro, mbele ya uwanja mzima. Yule kijana alikuwa jukwaani anawaeleza watu kwamba kule ukutani kuna muzee wetu anayeokota masasi ya vita, risasi hizi zilizotuulia ndugu zetu, anayayeyusha na kuyageuza pete za mapenzi. Watu walipiga makofi. Wageni walikuja mbio, na simu, na kamera, wakasukumana mpaka shanga zangu zikamwagika. Kabla jua halijageuka meza ya Muzee ilikuwa tupu, kitambaa peke yake.

Nilimwangalia. Nilidhani atasimama akatae. Alikunja kitambaa, akaning'iniza nyuzi zake shingoni, akaniachia sambaza zilizobaki.

Mwaka uliofuata walimtundikia banderoli. Picha yake, mikono yake, na maandishi makubwa ya kifaransa kuhusu masasi na amani. Wageni walipiga foto, wakaguna kwa huruma. Lakini vijana wawili wawili waliokuwa wakisimama kwa wizi wizi mbele ya meza yake, walisoma banderoli, wakatazamana, wakapita. Siku nzima Muzee hakusema leta kidole hata mara moja. Alirudi nyumbani shingo tupu.

Sasa hapa ndipo ninapowaka. Mgeni sikumlaumu, mgeni hajui. Nawalaumu watu wa kwetu. Sisi ndio tuliompelekea kufuli na kengele na robineti kwa mikono yetu wenyewe. Wanaume zetu walivuta ile mivukuto, waliona kwa macho yao kilichoingia chunguni. Lakini ule mkebe! Watu wakaanza kuukumbuka ule mkebe. Alikuwa anaongeza nini pale? Mbona hakusema? Mbona alisema ngoja ipoe? Maman mmoja wa kwaya yetu aliyezika watoto akakumbuka kwamba alivalishwa pete mwaka ule ule wa matatizo yake. Akaivua, akaifunga kwenye karatasi, akaja kuiacha mezani kwake bila kusema bonjour. Wengine walizitupa ziwani, nilisikia. Wakawa wanaulizana, iliua nani ile? Hapa kwetu hakuna familia ambayo haina mtu wa kumtaja ikiulizwa hivyo.

Binti yangu alipata mchumba, kijana wa Kamanyola, mtu wa kazi na heshima. Nilikuwa nimeweka kishikio cha mlango wa nyumba yetu ya kwanza, nikakihifadhi miaka kwa ajili ya siku hiyo. Upande wa kijana wakaja, tukakaa, tukala, mambo yote yakaenda vizuri mpaka tukafika kwenye pete. Shangazi wa kijana akaweka sahani chini. Akasema kwa upole kabisa kwamba kwao walishazika vya kutosha, hawawezi kuvalisha mtoto wao kitu kilichotoka kwenye mwili wa mtu. Nilieleza mpaka sauti ikanikauka. Nikaleta kishikio, nikakiweka katikati ya meza. Wakakiangalia. Akasema, sawa maman, lakini ndani ya mkebe kuna nini? Wakanunua pete zinazong'aa kwenye duka la Nyawera, na kabla ya mwezi kidole cha binti yangu kikawa kijani.

Nilipanda Kadutu siku iliyofuata kikao kile, mchana, jua kali, na hasira yangu yote. Nilimkuta uani kwake amekaa mbele ya mivukuto isiyo na moto. Nilimwambia aende kwa watu wa festivali, achukue mikro, aseme. Neno moja tu. Aseme haiko masasi.

Alipangusa vumbi kwenye mivukuto. Halafu akasema, "Nikisema haiko masasi, bataniuliza iko nini. Nitabaambia iko kitanda ya bibi ya nani? Iko kengele ya nani?"

Nikamwambia, "Baambie ya kwangu. Robineti ya mama yangu. Minakupa ruhusa, Papa, useme mbele ya bantu bote."

"Ya kwako moja haitoshe."

"Sasa utaacha banakuharibia jina?"

"Benye banajua, banajua," akasema. "Mutu alinileteaka kitu yake na mukono yake, minapaswa kumukumbusha?"

Hapo nilielewa kwamba alikuwa anatungoja sisi. Alikuwa amekaa pale mbele ya moto uliozimika akitungoja Kadutu nzima tuje kusema wenyewe, mmoja mmoja, mimi nilileta kufuli, mimi nilileta taa. Hakuna aliyekuja. Nilijua hakuna atakayekuja, nikataka kumwambia, na mama wa watoto wake akatoka na kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanipa, nikanywa nikashuka. Yule mama alikufa mwaka huo huo. Alizikwa kidole kitupu. Siku ya maziko watu wengi walikuja, na sikuona hata mmoja aliyemwangalia Muzee mikononi.

Halafu bunduki zikaingia mjini, mji ukapita yale uliyoyapita, ambayo kila mtu wa hapa anayajua na sina haja ya kuyarudia. Festivali ikakatika, kisha ikarudi, ndogo zaidi mwanzoni, halafu watu wakajazana tena kana kwamba wanalipiza. Nilishuka na shanga zangu. Muzee alikuwa palepale chini ya ukuta, amekonda, banderoli juu ya kichwa chake imepauka. Alinitazama mikono akasema, "Kidole Kinene, umezidi."

Ilikuwa kweli. Kidole kilikuwa kimevimba juu na chini ya pete, na kwa wiki kadhaa kilikuwa kinaniwasha usiku na mchana. Nilimwambia aipanue. Nilifurahi hata kuwa na kitu cha kumwomba. Alinishika mkono, akapitisha ncha ya koleo, akaikata taratibu bila kunikwaruza, akaifungua. Kidole kilipumua. Pete yangu ikawa juu ya kitambaa chake, imeachama, na yeye akavuta mkebe wa maziwa atafute kipande cha kuunganishia.

Alichakura. Akachakura tena. Akaumimina mkebe wote mezani, na vilivyomwagika vilikuwa vya aina moja: vimirija vifupi vya shaba, vingine vimebonyea, vingine na weusi mdomoni. Hata mtoto wa hapa anajua kwamba ni maganda ya masasi.

Hakuniangalia. Alisema, "Hakuna mutu analetaka tena kitu. Hizi, ziko mu barabara yote." Halafu akasema, "Mwaka ule, ilikuwa bongo, maneno ya uongo. Sasa haiko bongo tena."

Nilimwambia nitaleta yangu. Nina kishikio cha mlango nyumbani, kiko palepale, nitakileta kesho. Akatikisa kichwa. "Nitayeyusha mu chungu gani? Chungu kimoja, mukono moja, na hizi zimeshaingia. Nikikufungia hii, utavaa masasi, ile bantu balisema." Akaisukuma pete kuelekea upande wangu, lakini hakuiacha, aliiwekea kidole juu yake kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana. Mgeni mmoja kijana, mrefu, na mfuko wa picha begani, aliingiza mkono kati yetu kwa heshima, akaomba samahani, akaichukua ile pete iliyoachama. Aliipenda. Aliigeuza geuza juani. Akauliza kwa kifaransa kama hii nayo ni ya masasi.

Nilingoja nisikie ngoja ipoe.

"Hapana," Muzee akasema, kwa sauti ambayo hata muuza vikapu wa upande wa pili aligeuka. "Hii iko robineti. Ya nyumba ya mama ya huyu maman, Kadutu, ile iliunguaka. Yeye mwenyewe alinileteaka."

Mtu mmoja akamfasiria. Mgeni akaniangalia, akatabasamu, akasema ah. Akairudisha mezani polepole, mbali kidogo na zile zingine, kisha akauliza kama kuna ya masasi itakayomwenea.

Nikaichukua yangu. Nilikuwa ninatafuta uzi wa shanga wa kuifungia, sikutaka kumtazama. Nikamsikia anafuta viganja kwenye suruali.

"Leta kidole," akamwambia yule mgeni.